Albamu Teule za Roki (Kenya)

Albamu teule ni santuri ambazo wapenzi wa muziki huzichagua, mwaka kwa mwaka, kuwa kilele cha wakati wake. Kwa msikilizaji wa Boito, wadi ya mashamba ya chai katika Konoin, Kaunti ya Bomet, uteuzi wa haki huanzia 1950, kabla roki haijapata jina.

Mwaka huo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet. Tatu ziliitwa *Chemirocha*, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye sauti yake ilifika vijijini kwa gramafoni. Katika ile ya tatu, iliyo bora kuliko zote, wasichana wanamwimbia Rodgers kama kiumbe nusu mtu nusu swala huku kinubi kikirudia noti chache bila kuchoka. Mwaka 1986 Rodgers aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa roki nchini Marekani kama mtangulizi. Kapkatet walikuwa wamekwisha kumpa heshima yake.

Kwa 1976, chaguo ni *Something for Someone* ya Black Savage, bendi ya Nairobi iliyopiga roki yenye fanki. Mmoja wa wanabendi, Job Seda, baadaye alijulikana kama Ayub Ogada. Albamu yake *En Mana Kuoyo* (1993), ya nyatiti (kinubi cha Waluo) na sauti tulivu, ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, mwimbaji wa zamani wa Genesis. Roki ya majaribio ya Uingereza na nyatiti zinakutana hapo, na hakuna albamu nyingine ya Kenya ya 1993 inayostahili nafasi yake.