Jubaland, ardhi iliyolipa deni la vita vya Ulaya

Muulize mwanafunzi yeyote wa Garissa ni nani aliyeuchora mpaka wa Kenya na Somalia, atakujibu bila kusita: Mkutano wa Berlin, 1884. Ndivyo alivyofundishwa. Mataifa ya Ulaya yalikaa mezani, yakaitandaza ramani ya Afrika, yakagawana. Jibu hilo humpatia alama kwenye mtihani, lakini mpaka unaopita nje kidogo ya Liboi haukutoka Berlin. Hata mwaka 1914, miaka 30 baada ya mkutano ule, hapakuwa na mpaka wowote pale. Msafara uliotoka kingo za Tana kuelekea mashariki ungepita Liboi, ungefika Afmadow, ungeteremka hadi bandari ya Kismayu, kisha ungeendelea hadi Mto Juba, na safari yote hiyo ungekuwa bado ndani ya himaya moja ya Waingereza.

Mpaka tunaoujua leo ulianzia London, kwa siri, tarehe 26 Aprili 1915. Waliouanzisha walikuwa wakizungumza habari za vita vya Ulaya, za milima ya Alps na bandari ya Trieste. Hakuna mfugaji wa nyika hii aliyeulizwa. Naamini ni haki ya kila mtoto anayekulia Iftin, Bulla Punda au Dadaab kuijua habari hii, kwa sababu mambo mengi yaliyowapata babu zake yanaanzia hapo.

Tuanze na mto. Tarehe 24 Machi 1891 Uingereza na Italia zilitia saini itifaki iliyoufanya Mto Juba kuwa mpaka kati ya maeneo yao. Upande wa kaskazini na mashariki ukawa wa Waitaliano, upande wa kusini na magharibi ukawa wa Waingereza, pamoja na Kismayu. Serikali ya Uingereza ilipoichukua Afrika Mashariki kutoka kwa kampuni ya kibiashara mwaka 1895, eneo kati ya Juba na Tana likawa mkoa wa Jubaland, na makao yake yakawa Kismayu. Kwa maneno mengine, mji mkuu wa wafugaji wa nyika hii ulikuwa bandari ya Bahari ya Hindi, si Garissa wala Nairobi.

Mkoa huo haukutawalika kwa urahisi. Mwezi Novemba 1900, Arthur Jenner, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Waingereza huko, alisafiri kwenda bara na kuuawa na wapiganaji wa ukoo wa Ogaden. Mwaka uliofuata kikosi cha kuadhibu kikatumwa, kikachukua mifugo, kikarudi. Koo hazikunyenyekea kwa hilo. Mwezi Februari 1916 Waaulihan, tawi la Ogaden, wakiongozwa na Abdurrahman Mursal, waliishambulia kambi ya Serenli kwenye ukingo wa Juba, wakamuua afisa Francis Elliott pamoja na askari wake wengi. Pigo hilo liliwashtua Waingereza kiasi kwamba hata Wajir waliihama kwa muda. Nguvu zao zilikuwa kwingine: majeshi yao yalikuwa yakimfukuza Jenerali Lettow-Vorbeck wa Ujerumani huko Tanganyika. Mwaka 1917 ndipo waliporudi Serenli.

Fikiria basi hali ilivyokuwa. Mwaka 1916 watu wa Juba walikuwa wakipigania ardhi yao kwa damu. Hawakujua kwamba tangu mwaka uliotangulia, huko London, mlango wa kuikabidhi ardhi hiyo kwa mtu mwingine ulikuwa umeshafunguliwa.

Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, Italia ilikaa pembeni. Kwa mkataba wa zamani ilikuwa mshirika wa Ujerumani na Austria, lakini ilikuwa ikiyatamani maeneo yaliyoshikwa na Austria: Trento, Trieste, Istria na sehemu ya pwani ya Dalmatia. Ikapiga bei pande zote mbili. Waliotoa bei nzuri walikuwa Uingereza, Ufaransa na Urusi, na makubaliano yao ndiyo yanayoitwa Mkataba wa London. Mwezi mmoja baadaye Italia iliingia vitani.

Kifungu cha 13 cha mkataba huo ndicho kinachotuhusu. Kilisema kwamba iwapo Uingereza na Ufaransa zitaongeza makoloni yao Afrika kwa kuwanyang'anya Wajerumani, basi Italia itastahili kufidiwa, hasa kwa kurekebishwa mipaka ya makoloni yake ya Eritrea, Somalia na Libya. Jubaland haikutajwa. Lakini yeyote mwenye ramani angeona kwamba koloni la Somalia la Waitaliano lilipakana na nani upande wa kusini.

Vita vilipokwisha, Uingereza ikapewa Tanganyika. Ushindi huo ulipatikana kwa gharama kubwa ya watu wa Afrika Mashariki wenyewe. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na malaria wakibeba risasi na unga kwa ajili ya majeshi ya Waingereza. Wakati wa kulipa deni la Kifungu cha 13 ulipofika, malipo nayo yakatoka Afrika Mashariki. Uingereza ilichukua Tanganyika, ikamlipa Mwitaliano kwa ardhi ya Wasomali, kama mtu anayelipa deni lake kwa ngamia wa jirani.

Malipo yenyewe yalichelewa. Italia ilikuwa imepoteza askari wapatao 600,000, na kwenye mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919 waziri mkuu wake, Vittorio Orlando, aliondoka kwa hasira kwa sababu hakupewa alichodai. Makoloni ya Wajerumani yaligawanywa, Italia isipate hata moja. Lord Milner, waziri wa makoloni wa Uingereza, akakubaliana na Vittorio Scialoja wa Italia kuhusu kukabidhiwa kwa Jubaland, lakini Lord Curzon, waziri wa mambo ya nje, akazuia. Alitaka kwanza litatuliwe suala la visiwa vya Dodecanese, visiwa vya Wagiriki ambavyo Italia ilikuwa imevitwaa kutoka kwa Waturuki. Kwa miaka kadhaa hatima ya malisho ya Afmadow ilifungwa kwenye hatima ya kisiwa cha Rhodes. Hivyo ndivyo siasa za Ulaya zilivyokuwa zikifanya kazi: eneo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelijua kwa miguu liliwekwa kwenye mizani na visiwa vya bahari nyingine.

Katikati ya ucheleweshaji huo Benito Mussolini alishika madaraka Roma, Oktoba 1922, akitumia uchungu wa Waitaliano waliohisi wamedhulumiwa ushindi wao. Naye akataka malipo. Tarehe 15 Julai 1924 serikali ya Ramsay MacDonald, serikali ya kwanza ya chama cha Labour nchini Uingereza, ilitia saini mkataba wa kuikabidhi Jubaland. Chama kilichojitangaza kuwa mtetezi wa wanyonge kilikamilisha biashara iliyoanzishwa na wengine. Tarehe 29 Juni 1925 eneo la kilomita za mraba zipatazo 87,000, karibu mara mbili ya Kaunti ya Garissa ya leo, likapita mikononi mwa Italia. Waitaliano waliliita Oltre Giuba, yaani ng'ambo ya Juba, wakamteua Corrado Zoli kuwa mtawala wake, wakalichapishia stempu zake za posta. Mwaka mmoja baadaye wakaliunganisha na koloni lao la Somalia.

Kilichobaki ni kuuchora mstari wenyewe ardhini. Tume ya pamoja ya Waingereza na Waitaliano ilifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 1925. Kuanzia Mandera, mstari ulishuka kupitia El Wak, ukafuata karibu na longitudo ya nyuzi 41 mashariki, ukapita jirani na Liboi, kisha ukakata kuelekea kusini mashariki hadi baharini, karibu na Ras Kiamboni. Katika nyika isiyo na mlima wala mto wa kuegemea, wapimaji walisimamisha bikoni moja baada ya nyingine. Makubaliano ya tume yalitiwa saini Desemba 1927, na serikali mbili zikayathibitisha kwa barua mwaka 1933.

Ukoo wa Ogaden ukajikuta pande zote mbili. Watu wa Mohamed Zubeir, Abdwak, Abdalla na Aulihan walikuwa na ndugu, visima na malisho kila upande wa mstari ule. El Wak ikawa miji miwili, mmoja wa Kiingereza na mwingine wa Kiitaliano. Huko pwani, Wabajuni waliokuwa wakisafiri kwa jahazi kutoka Kiunga hadi Kismayu kwa ndugu zao nao wakawa wanavuka kutoka dola moja kwenda nyingine. Garissa, ambayo hapo awali ilikuwa katikati ya njia ya kwenda baharini, ikawa mji wa mpakani uliogeuzwa uso kuelekea Nairobi.

Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ya Kenya ikatumia sheria ya kuyafunga maeneo ya pembezoni, na mwaka 1934 ikaongeza sheria ya wilaya maalum. Mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia Kaskazini mwa Kenya bila kibali, na mwenyeji hakutoka bila kibali. Eneo letu likatawaliwa kama ukuta wa kuwalinda walowezi wa nyanda za juu dhidi ya Waitaliano na Wahabeshi. Shule na hospitali hazikuwa sehemu ya mpango huo. Kila mtu wa Garissa anayejiuliza kwa nini tulichelewa kuliko wengine aanze kutafuta katika miaka hiyo.

Kisha mstari ukageuka uwanja wa vita. Italia iliingia Vita vya Pili tarehe 10 Juni 1940, na mwezi uliofuata ikaiteka Moyale. Desemba, wanajeshi wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, Ghana ya leo, waliishambulia El Wak. Februari 1941 Jenerali Alan Cunningham alianzisha mashambulizi makubwa kutoka Garissa na Bura. Magari ya kijeshi yalipita Liboi, Afmadow ikaanguka tarehe 11 Februari, Kismayu tarehe 14, na Mogadishu tarehe 25, ikichukuliwa na askari wa Nigeria. Katika wiki mbili Uingereza ilikuwa imeirudisha mikononi mwake Jubaland yote na zaidi yake. Vijana wa Afrika Magharibi, Kusini na Mashariki walikufa katika nyika hii wakipigania mgogoro wa Roma na London.

Sasa Waingereza walikuwa wanatawala karibu nchi zote za Wasomali. Mwaka 1946 Ernest Bevin, waziri wa mambo ya nje, alipendekeza ziunganishwe chini ya utawala mmoja. Mataifa mengine makubwa yakakataa. Novemba 1949 Umoja wa Mataifa uliamua Italia irudishiwe Somalia kama mdhamini kwa miaka kumi, na mwaka 1950 Waitaliano wakarudi. Bikoni za mwaka 1927 zikasimama tena kama mpaka.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi kwetu, na bado yanauma. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada, kuuliza maoni ya wakazi wa Kaskazini. Tume ikaripoti kwamba Wasomali walio wengi walitaka kujitenga na kuungana na Somalia. Mwezi Machi 1963 Duncan Sandys, waziri wa makoloni wa Uingereza, akatangaza kwamba badala yake patakuwa na mkoa wa saba wa Kenya, Kaskazini Mashariki. Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mwezi Agosti pande hizo zilikutana kwa mara ya mwisho kulizungumzia suala hili, na mahali walipokutania palikuwa Roma. Hawakuafikiana. Tarehe 28 Desemba 1963, Kenya ikiwa na wiki mbili tu za uhuru, hali ya hatari ilitangazwa mkoani kwetu. Vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujitenga, viliendelea hadi mazungumzo ya Arusha ya Oktoba 1967, na sheria za hali ya hatari hazikufutwa hadi 1991.

Sisemi haya ili mtu yeyote aung'oe mpaka. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua mjini Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, na watu wa Garissa ni Wakenya waliolipia uraia wao kwa gharama ambayo wengi hawakuombwa kulipa. Ninachosema ni kwamba lawama za umwagaji damu huu zimebebeshwa wafugaji kwa miaka mingi mno, kana kwamba waliamka siku moja wakaamua kutoutambua mstari. Mstari uliwakuta ndani ya nyumba yao, ukapita katikati.

Na Mkataba ule wa London haujafa. Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa hukumu kuhusu mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya. Ili kujua mpaka huo uanzie wapi, majaji walirejea makubaliano ya 1927 na 1933 ya Uingereza na Italia, wakaanzia kwenye bikoni namba 29. Haki za uvuvi na mafuta za mataifa mawili huru zilipimwa kutoka kwenye alama iliyowekwa na wapimaji waliotumwa kumaliza deni la 1915.

Kumbukumbu za Jubaland zimehifadhiwa Nairobi, London na Roma. Wazee waliozaliwa karibu na miaka ile, waliosimuliwa na baba zao kuhusu Serenli na siku Kismayu ilipobadilisha bendera, wanapungua kila mwaka. Naiomba Kaunti ya Garissa ilete nakala za kumbukumbu hizo kwenye maktaba ya mji, na nawaomba walimu na wanafunzi wa chuo kikuu chetu wachukue simu zao, waende Balambala, Fafi, Ijara na Liboi, wakawarekodi wazee hao mwaka huu.