Kutoka risasi ya Mpanda hadi betri ya drili

Leo somo ni historia, ila msikimbie, kuna hela zenu ndani yake.

Wengi wakisikia Mpanda wanakumbuka mwisho wa reli na Hifadhi ya Katavi. Wachache wanajua kwamba reli yenyewe ililetwa na madini. Tawi la Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210, lilifunguliwa mwaka 1950 ili kubeba risasi (sio ya bunduki jamani, ile metali) iliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ukafungwa 1960, reli ikabaki na abiria na mizigo yao.

Risasi ndiyo moyo wa betri ya kwanza kabisa ya kuchajiwa. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza 1859, na mpaka leo iko kwenye magari na sola nyingi za majumbani. Shida yake ni uzito. Nani atatoboa mbao ya mninga huku kaning'iniza betri ya gari mkononi? Ndio maana drili zilibaki na waya miaka mingi.

Mkombozi wa kwanza alikuwa betri ya nikeli na kadimi, kazi ya Mswidi Waldemar Jungner mwaka 1899. Black & Decker wakaiweka kwenye drili isiyo na waya mwaka 1961. (Wanaosema ni uvumbuzi wa NASA wamesikia vibaya, NASA walikuja baadaye.) Betri hii ni ngumu kweli, inavumilia purukushani. Lakini ikikaa bila kazi chaji inapotea yenyewe, na kadimi ni sumu. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliipiga marufuku kwenye vifaa vya mafundi kuanzia mwisho wa 2016.

Ya lithiamu iliingizwa sokoni na Sony 1991, ikafika kwenye drili kubwa kama za Makita na Milwaukee mwaka 2005. Waliosuka msingi wake walipewa Nobeli 2019.

Sasa hesabu, walimu wenzangu. Seli moja ya nikeli na kadimi ina volti 1.2, ya lithiamu 3.6. Kupata volti 18 unahitaji seli 15 za kwanza, au 5 tu za pili. Uzito umeshauona hapo. Na boksi likiandikwa 20 badala ya 18 usiongeze hela: mara nyingi ni seli zile zile 5, zimepimwa zikiwa zimejaa pomoni. Angalia ampea-saa. Volti 18 kwa ampea-saa 2 ni wati-saa 36, kwa ampea-saa 4 ni 72. Hapo ndipo kazi inapoongezeka.

Kwetu hili sio anasa. Mpanda iliishi miaka na miaka kwa jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa. Fundi anayekwenda kuezeka Karema anabeba chaji yake kutoka mjini. Akibeba ya nikeli, ikikaa bila kazi anakuta imepungua. Ya lithiamu inamsubiri. Mjomba wangu seremala aliuziwa drili ya mtumba kwa bei ya kutupa, betri yake imekufa na mpya za aina ile hazipatikani. Imebaki pambo.

Kwa hiyo kama unanunua leo, chukua lithiamu, ya kampuni ambayo betri zake ziko dukani hata mwakani, maana mara nyingi betri ya kampuni moja haiingii kwenye drili ya nyingine. Tumia chaja yake yenyewe. Usiianike kwenye pikipiki na jua la Oktoba, joto ndilo adui yake. Ukiiweka muda mrefu, iache na chaji nusu, sio tupu.

Haya, mwenye mjomba fundi amfikishie. Alamsiki!