Risasi Katika Maji ya Kunywa

Neno risasi katika lugha yetu lina maana mbili. Ni kile kitokacho katika mtutu wa bunduki, na ni madini mazito, ya rangi ya kijivu, ambayo mvuvi huyafunga katika mshipi wake yakawa chubwi. Mvuvi wa Makoongwe, kisiwa kidogo kilicho mkabala wa bandari ya Mkoani katika Pemba, huijua risasi kwa mkono kuliko mwanachuoni aijuavyo kwa kitabu. Ni laini, hukatwa kwa kisu, huyeyuka katika moto wa makaa. Sifa hizo hizo ndizo zilizoifanya ipendwe na mafundi wa mabomba ya maji, na mapenzi hayo yamewagharimu wanadamu afya yao.

Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeishi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliandika kwamba maji yapitayo katika mabomba ya udongo ni salama kuliko yapitayo katika risasi. Ushahidi wake ulikuwa nyuso za mafundi wa risasi, zilizopauka kama nyuso za wagonjwa. Basi hatari ilijulikana miaka elfu mbili iliyopita. Hata hivyo, miji ya Ulaya na Marekani ilitandaza mabomba ya risasi, kwa kuwa yalipindika kwa urahisi na kudumu sana. Mji wa Chicago uliyalazimisha kwa sheria zake mpaka 1986, mwaka ambao sheria ya nchi nzima iliyakataza. Mwaka 2014 mji wa Flint, huko huko Marekani, ulibadili chanzo cha maji yake. Maji mapya ya mto, yasiyotiwa dawa ya kulinda mabomba, yaliyala mabomba ya zamani, na risasi ikaingia katika vikombe vya watoto. Historia hii ni ya watu waliojua wasitende.

Kwetu mambo yalikwenda njia nyingine. Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, aliwaletea watu wa mji wa Unguja maji ya chemchemi, na hata leo Mzanzibari husema maji ya mfereji pale ambapo wengine husema maji ya bomba. Mashamba na visiwa vidogo vilisubiri kwa muda mrefu, vikitegemea visima na mvua. Mabomba yalipoenea vijijini katika Afrika Mashariki, aghalabu yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki, na baadaye ya plastiki. Kwa hiyo ni rahisi mtu kusema kwamba habari za risasi ni za wageni, hazituhusu.

Neno hilo lisipokelewe kwa haraka. Risasi hujificha katika vitu vidogo: katika shaba nyeupe ya koki na valvu, na katika lehemu ya viungo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 juu ya maji ya vijiji vya Ghana, Mali na Niger uliikuta katika vifaa vya mitambo ya maji. Karibu zaidi nasi, katika bahari hii hii ya Hindi, mafundi wa Toamasina nchini Madagaska walitia risasi katika valvu za pampu za mkono ili ziwe nzito. Jambo hilo lilipogunduliwa, valvu zilibadilishwa zikawekwa za chuma, na risasi ikapungua katika damu ya watoto wengi waliopimwa.

Yapasa, basi, kila kiungo kiulizwe asili yake. Bomba likwaruzwe kwa sarafu: likiwa laini na kung'aa kama fedha, na sumaku isilishike, ni la kushukiwa. Chuma hushikwa na sumaku, na shaba huonyesha wekundu wake. Lakini koki haifichuliwi kwa sarafu. Maji yake hupimwa katika maabara, na yafaa kukingwa yale ya kwanza ya alfajiri, yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na shirika hilo hilo husema hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa hakina madhara. Anayekinga maji ya mvua asijione yuko nje ya habari hii, kwa sababu maji ya mvua hayana chokaa na huila metali upesi. Wala kuchemsha si dawa: vijidudu hufa, risasi hubaki.

Sumu hii haina ladha wala harufu, na humdhuru mtoto katika ubongo kabla hajajua kusoma jina lake. Mtoto hawezi kuuliza koki imetengenezwa kwa kitu gani. Wazee wake na wenye kununua vifaa vya maji waweza. Mvuvi anajua mahali pa risasi: ni chini ya mshipi, baharini. Ikionekana katika mfereji, iondolewe siku hiyo hiyo.