Yohane XXIII walikuwa wawili, na Rejaf inahusika

Moshi mweupe ulipofuka Vatican tarehe 8 Mei 2025, Juba ilikuwa na mtu wake ndani. Kardinali Stephen Ameyu Martin Mulla, Askofu Mkuu wa Juba, alikuwa miongoni mwa makardinali 133 waliopiga kura katika uchaguzi uliomchagua Robert Prevost. Prevost akachagua kuitwa Leo XIV, jina ambalo halikuwa limevaliwa na Papa yeyote tangu Leo XIII afariki mwaka 1903. Redio na magazeti ya Afrika Mashariki yalieleza Leo XIII alikuwa nani. Sikusikia hata moja likieleza kwamba katika upapa wake Rejaf, hapo kusini tu ya Juba, iliangukia mikononi mwa jeshi la Mahdi, na kwamba mwaka aliofariki Papa huyo kilima cha Rejaf kilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Historia ya Ukristo katika nchi hii ya Wabari, yenye Juba na Rejaf, inaweza kusomwa kwa majina ya mapapa, na majina hayo yanajirudia. Pius yamefika kumi na mawili, Leo kumi na manne, Gregori kumi na sita. Yohane ndilo lililotumika kuliko yote, na ndilo lenye hesabu iliyovurugika. Hata desturi ya kubadili jina imeanzia humo. Mwaka 533 padre wa Roma aliyeitwa Mercurius alichaguliwa kuwa Papa, akaona haifai halifa wa Petro kuitwa jina la mungu wa kipagani, akawa Yohane II.

Gregori XVI ndiye aliyeunda vikarieti, yaani jimbo la kimisionari, ya Afrika ya Kati mwezi Aprili 1846, na wiki chache baadaye akafa. Kazi ikamwangukia Pius IX. Mwezi Januari 1850 padre Mslovenia Ignacij Knoblehar alipanda mto Naili hadi kwa Wabari, akakwea kilima cha Logwek, kile kilima cha mawe chenye umbo la pia ambacho leo tunakiita Jebel Rejaf. Wakati Knoblehar amesimama juu pale akiitazama nchi, Papa aliyemtumikia hakuwa hata Roma. Alikuwa amefukuzwa na mapinduzi, anaishi uhamishoni katika Ufalme wa Napoli. Padre Angelo Vinco alikuja kukaa na Wabari, akafia huko Januari 1853. Kituo kikajengwa Gondokoro, ng'ambo ya mto, kaskazini ya Rejaf. Homa iliwamaliza wamisionari, na miaka michache baadaye kituo kikaachwa.

Sasa nataka msomaji aangalie orodha rasmi ya mapapa iliyochapishwa na Vatican mwaka 1860, enzi zilezile za kufungwa Gondokoro. Ndani yake yumo Yohane XXIII, 1410 hadi 1415. Tunayemjua sisi kwa jina hilo, aliyeitisha Mtaguso wa Pili wa Vatican, alizaliwa mwaka 1881.

Yule wa kwanza ni Baldassare Cossa, mtu wa Napoli. Kanisa la Magharibi lilikuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja: Gregori XII, Benedikto XIII na Cossa. Kila mmoja ana makardinali wake na wafalme wanaomuunga mkono, na kila mmoja anawatenga wenzake. Mwaka 1414 Cossa aliitisha mtaguso katika mji wa Konstanz, akitumaini utamthibitisha yeye. Alipoona upepo umegeuka, alitoroka usiku wa Machi 1415 akiwa amejigeuza mchunga farasi. Walimkamata, na tarehe 29 Mei wakamvua upapa. Gregori XII alijiuzulu kwa heshima mwezi Julai. Benedikto XIII alikataa katakata, akajifungia katika ngome ya Peñíscola huko Hispania hadi kufa, bado anajiita Papa.

Cossa aliachiliwa baadaye, akapiga magoti mbele ya Papa mpya, Martin V, akafa Florence mwaka 1419. Kaburi lake lilichongwa na Donatello na Michelozzo, na lipo hadi leo ndani ya nyumba ya ubatizo ya mji ule. Juu yake pameandikwa kwa Kilatini kwamba hapa amelala Yohane, aliyekuwa Papa wa ishirini na tatu. Inasimuliwa kwamba Martin V alichukizwa na maneno hayo, akataka yafutwe, na watawala wa Florence wakagoma.

Mzozo huo ulilala zaidi ya miaka mia tano. Tarehe 28 Oktoba 1958 mzee Angelo Roncalli, mwana wa wakulima, alichaguliwa, akatamka kwamba ataitwa Yohane. Alieleza kuwa ni jina la baba yake na la parokia aliyobatizwa. Namba yake itakuwa ishirini na tatu. Kwa neno hilo moja Cossa alitoka katika hesabu.

Namheshimu Roncalli kwa ujasiri huo, na kwetu ana haki ya kukumbukwa kwa zaidi ya namba. Kuanzia 1921 aliongoza nchini Italia shirika la kipapa la kuchangia umisionari, miaka ileile ambayo mapadre wa Verona, wa shirika la Daniele Comboni, walikuwa wanaisimamisha misheni ya Rejaf baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1960 alimvika Laurean Rugambwa wa Tanganyika ukardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu. Mwaka uliofuata vikarieti ya Bahr el-Gebel ikaitwa Juba.

Bahr el-Gebel yenyewe ilikuwa kazi ya akina Pius. Pius XI aliitenga kama jimbo changa mwaka 1927, Pius XII akaipandisha kuwa vikarieti mwaka 1951, na mwaka 1955 padre Ireneo Dud akawa askofu wa kwanza Msudani. Serikali ya Khartoum ilipowafukuza wamisionari wote kutoka kusini mwaka 1964, waliobaki kulibeba Kanisa walikuwa wazalendo kama yeye. Paulo VI aliifanya Juba jimbo kuu mwaka 1974, akamweka Dud kuwa Askofu Mkuu wake wa kwanza. Yohane Paulo II alifika Khartoum mwaka 1993. Fransisko alikuja Juba Februari 2023, akasoma misa penye kaburi la John Garang.

Inaniuma kwamba Mkatoliki wa Juba anaweza kukutajia mapapa watatu wa mwisho bila kusita, lakini Knoblehar na Vinco hawajui, wakati watoto wetu wanabatizwa Pius na Leo kila Pasaka. Jimbo Kuu linaweza kuanza na jambo dogo: katekisimu ya kipaimara katika parokia ya Rejaf iwe na somo moja juu ya kilima cha Logwek na Januari ile ya 1850, na vijana wapelekwe wakipande kabla ya siku ya askofu.