Malaria na Jembe katika Fizi
Katika Fizi na Baraka, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, malaria, yaani homa ya vimelea vinavyoenezwa na mbu aina ya anofelesi, huwalemea wakulima wa muhogo na mpunga hasa majira ya mvua, ambapo palizi haimngoji mgonjwa apone. Kilimo hicho kilikuwa tayari kimepigwa na vita: vita vya 1996 vilivyowakimbiza Wabembe wengi, wenyeji wa eneo hili, hadi kambi ya Nyarugusu, Tanzania, viliacha mashamba yakigeuka vichaka. Hata Kongo ilipochagua dawa mseto ya atesuneti na amodiakwini mwaka 2005, baada ya klorokwini kushindwa, gharama nzito zaidi ya malaria ilibaki nje ya daftari la kituo cha afya: mama anayeuza mbegu ya mpunga ili alipie nauli ya pikipiki ya kumpeleka mwanawe kituoni hukosa pia cha kupanda msimu unaofuata.