Shule na Jamii katika Kuwaepusha Vijana na Uhalifu



Yafaa katika taarifa hii ya mwaka tukumbushane jinsi vijana waliokaribia kupotea walivyorudishwa katika njia njema, maana jambo hili halikuanza leo.

Zamani malezi hayakuwa kazi ya mzazi peke yake. Mtoto akikosa mbele ya jirani, jirani alimkanya, wala baba yake hakuona kuwa amedharauliwa. Mjini Nairobi desturi hiyo ililegea, kwa kuwa watu walikaa karibu bila kujuana. Kisha ikaja Hali ya Hatari mwaka 1952. Katika msako mkubwa wa Aprili 1954 maelfu ya watu wazima walikamatwa mjini wakapelekwa vizuizini, na watoto wengi wakabaki bila mlezi. Baadhi yao walilala mitaani, wakajifunza kuiba ili wapate kula.

Wavulana waliotiwa kizuizini nao walikusanywa Wamumu, katika nchi ya Mwea, tangu mwaka 1955. Huko walifundishwa kusoma na kazi za mikono. Hatuisifu kambi iliyomfunga mtoto bila hukumu. Twasema tu kwamba ilidhihirika huko kuwa kijana aliyehesabiwa mwovu hubadilika akipewa masomo, kazi na mtu wa kumwamini.

Mmoja wa maofisa wa Wamumu, Bw. Geoffrey Griffin, alianzisha Starehe mwaka 1959, akishirikiana na Bw. Geoffrey Geturo na Bw. Joseph Gikubu. Walianza na vibanda viwili vya mabati na wavulana wa mitaani. Baadaye ikawa mojawapo ya shule mashuhuri za Kenya. Wafadhili waliwalipia watoto wasio na kitu. Nao vijana, wakati wa likizo, walitumwa kufanya kazi za kujitolea kwa faida ya wananchi. Hivyo shule iliishi kwa msaada wa jamii, na jamii ikapata watumishi kutoka shuleni.

Serikali nayo imetengeneza sheria. Elimu ya msingi ilifanywa bure mwaka 2003, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri wa kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Lakini sheria haijui ni mtoto wa nani hakufika darasani Jumatatu. Hilo hulijua mwalimu. Na ajuaye alikoshinda mtoto ni jirani. Wawili hao wasipokutana, mtoto hupotea katikati yao. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo twaomba kila tawi liteue wazee wawili wa kuzuru shule kila mwezi, wapokee majina ya watoto wasiohudhuria, wawaendee nyumbani kabla polisi hawajawaendea. Kazi hiyo haihitaji fedha ya chama. Yahitaji miguu ya wazee na subira yao.