Perege wa Meru na Nasaba Zao

Maji yanayoteremka Mlima Meru kwa upande wa kusini hupita Arusha na vitongoji vyake yakiwa na majina mengi: Themi, Nduruma, Tengeru, Usa. Mwishowe hukutana katika mto Kikuletwa, nao Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako mto Pangani huanza safari yake ya kwenda baharini. Kwa hiyo mtu mwenye bwawa la samaki pale Tengeru au Maji ya Chai anafugia kwenye kichwa cha bonde zima. Vifaranga anaowanunua leo si uzao wa samaki walioishi katika bonde hili miaka mia iliyopita. Ili kuelewa jinsi mabadiliko hayo yalivyotokea, inafaa kwanza tuwajue samaki wenyeji.

Perege ni samaki wa Afrika, na kila bonde kubwa lilikuwa na perege wake. Mwaka 1955 mtafiti Mwingereza Rosemary Lowe, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amechunguza samaki wa maziwa na mito ya Afrika Mashariki, alichapisha maelezo ya kisayansi ya perege wa Ziwa Jipe na mto Pangani. Mmoja wao ni yule anayeitwa kitaalamu Oreochromis jipe. Jike la jamii hii hutaga mayai machache, huyakusanya kinywani na kuyalea humo mpaka vifaranga waweze kuogelea wenyewe. Hata baada ya hapo, wakishtuka hurudi kinywani mwa mama. Perege wa mabonde mbalimbali walitenganishwa na milima na nyika kwa muda mrefu, wakatofautiana rangi, umbo na tabia. Lakini hawakutofautiana kiasi cha kushindwa kuzaliana. Jambo hilo ndilo chanzo cha mengi yaliyofuata.

Hata hivyo, samaki wa kwanza wa kigeni kuletwa nyanda za juu za Afrika Mashariki hakuwa perege. Walowezi Waingereza walitaka trauti wa kuvua kwa ndoana, na mwaka 1905 trauti wa kahawia kutoka Uskoti walipandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye wakaja trauti wa upinde wa mvua, na katika enzi ya Waingereza trauti walifika pia kwenye vijito baridi vya kaskazini mwa Tanganyika. Trauti wa upinde wa mvua ni mwenyeji wa mito ya magharibi mwa Amerika Kaskazini. Katika mto McCloud, California, kituo cha serikali cha kukusanya mayai yake kilianzishwa mwaka 1879, na kutoka vituo vya namna hiyo mayai yalisambazwa sehemu nyingi za dunia. Porini trauti huyu hutaga majira ya kuchipua. Lakini koo nyingi za vituoni hutaga miezi mingi kabla ya hapo, kwa sababu watunzaji walipendelea majike wanaowahi. Binadamu alibadili kalenda ya samaki kwa kuchagua tu mayai ya kuanza nayo, kabla hajaelewa vizuri jinsi vinasaba vinavyofanya kazi.

Ufugaji wa perege nchini kwetu ulianza kwa majaribio ya mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mabwawa mengi yalichimbwa, na mengi yakaachwa baada ya muda. Yalikosa matunzo na utaalamu unaofaa, na mengine yalikauka kwa ukame. Kulikuwa pia na lalamiko ambalo wafugaji wa Meru wanalo mpaka leo: bwawa linajaa samaki, lakini samaki wenyewe ni wadogo.

Kwa nini? Jibu la kwanza ni msongamano. Perege hupevuka angali mdogo, huzaa mara kwa mara, na baada ya muda mfupi chakula cha bwawa kinagawanywa kwa midomo mingi mno. Jibu la pili ni baridi. Arusha iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,400, maji ya mlima ni ya baridi, na perege hukua polepole joto la maji linaposhuka chini ya nyuzi 20. Jibu la tatu ni nasaba: samaki wamedumaa kwa sababu wazazi wao walidumaa. Nikiyapima majibu haya, naona mawili ya kwanza yana uzito zaidi katika mwaka wowote mmoja. Chukua samaki waliodumaa, wahamishie bwawa lenye nafasi, chakula na maji ya uvuguvugu, na wengi watakua. Ila jibu la tatu lina sifa ambayo mengine hayana. Msongamano huisha siku bwawa linapopunguzwa samaki, lakini kilichopotea katika nasaba hakirudi kwa kubadilisha maji.

Tazama mavuno ya kawaida yanavyokwenda. Wavu unavutwa na matope yanatibuka. Samaki wenye upana wa kiganja wanaingia ndoo ya mnunuzi, na wadogo wanarudishwa majini wakue. Katika hao wadogo wamo watoto kweli, lakini wamo pia watu wazima wenye umbo dogo, na hao ndio watakaokuwa wazazi wa msimu ujao. Mfugaji wa Kimeru hawezi kuchinja dume lake bora la ng'ombe kila mwaka na kubakiza walio dhaifu wapande majike. Kwenye bwawa jambo hilohilo hufanyika bila mtu kulikusudia. Zaidi ya hapo, bwawa lililoanzishwa kwa jozi chache tu hufikia mahali ambapo ndugu wanazaa na ndugu, na kasoro zilizojificha zikajitokeza. Kisiwani Java, mwishoni mwa miaka ya 1930, walipatikana perege wachache sana wa aina ya Msumbiji, na uzao wao ukaenea sehemu kubwa ya Asia. Mamilioni ya samaki yalitokana na wazazi wanaohesabika kwa vidole.

Njia ya kuzuia msongamano ilipatikana kwa msaada wa samaki kutoka kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, C. F. Hickling, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Malacca huko Malaya, alipandisha madume ya perege waliotoka Zanzibar kwa majike ya perege wa Msumbiji. Watoto wote wakawa madume, na bwawa la madume watupu halijai vifaranga. Sababu yake ilifahamika baadaye: katika perege wa Msumbiji dume ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti za jinsia, ilhali katika yule wa Zanzibar mwenye mbili tofauti ni jike. Siku hizi vituo vingi vya kutotolesha hupata madume kwa kuwalisha vifaranga homoni, njia iliyo rahisi zaidi. Lakini ugunduzi wa Malacca ulionyesha kwamba tofauti kati ya perege wa bonde moja na wa bonde jingine ni mali.

Mali hiyo haikulindwa. Miaka ya 1950 sato, yaani perege wa Nile, alipandikizwa Ziwa Viktoria pamoja na ndugu yake Oreochromis leucostictus, na katika miongo iliyofuata wote wawili wakasambazwa kwenye malambo, mabwawa na mito ya Tanzania. Nia ilikuwa njema: kuongeza kitoweo.

Wakati huohuo Wanorwei walikuwa wakifanya jambo la mpangilio zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikusanya samoni wa mito mingi ya nchi yao, wakaweka kumbukumbu za familia, na kila kizazi wakachagua wazazi kwa kulinganisha ndugu na ndugu. Mwaka 1988 utaratibu huo ulihamishiwa Ufilipino kwa ajili ya sato, katika mradi unaojulikana kwa kifupi cha GIFT. Watafiti walichukua sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali, wakawaweka pamoja na koo nne zilizokuwa zikifugwa Asia. Kabla ya kuchagua chochote waliwapima, na matokeo yakawashangaza wengi. Sato wa porini wa Misri na Kenya walilingana na wale wa kufugwa, au waliwapita. Wa Ghana ndio waliokuwa nyuma. Miaka mingi ya kufugwa Asia ilikuwa haijaleta faida iliyotarajiwa, kwa kuwa wazazi walikuwa wachache na hakuna aliyewachagua kwa makini. Baada ya hapo koo zote nane zilichanganywa, familia zikapimwa, na ukuaji ukapanda kwa asilimia 12 hadi 17 kila kizazi, jumla ya takriban asilimia 85 kwa vizazi vitano.

Kwa mwenye bwawa dogo Usa River, faida ya namna hiyo ni kubwa, na simlaumu anayeitamani. Lakini Ufilipino haina perege wa asili wa kundi hili, na Afrika inao. Samaki aliyeboreshwa akitoroka kule hakuti jamaa wenyeji. Akitoroka hapa anakuta shemeji. Ndiyo sababu mwaka 2002 wataalamu waliokutana Nairobi walitoa azimio la kutaka tahadhari juu ya kutumia samaki walioboreshwa na wageni katika ufugaji barani Afrika. Trauti, kwa kulinganisha, hana jamaa wa kuzaliana naye katika mito ya Meru. Madhara yake yako kwenye kula na kushindania nafasi, wala hayaingii katika damu ya wenyeji.

Hofu ya Nairobi ilipata ushahidi karibu nasi. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Tanzania na Uingereza lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya perege wa kaskazini mwa Tanzania. Katika bonde la Pangani walikuta machotara wa sato na jipe, wa leucostictus na jipe, na wa sato na perege wa Korogwe. Walijaribu pia kuwatambua machotara hao kwa umbo la kichwa na mwili, na haikuwezekana kwa uhakika. Maana yake ni kwamba mvuvi wa Nyumba ya Mungu hawezi kuwatenga kwa jicho, na mwenye kituo cha vifaranga anayechukua wazazi mtoni hawezi pia. Jipe sasa amo katika orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo jingine, ambalo naliona ndilo zito kuliko yote. Machotara walikuwa wachache. Samaki wengi waliopimwa walikuwa bado na nasaba safi. Watafiti hao waliandika pia kwamba haijathibitika kuwa wageni wana faida kuliko perege wakubwa wa kienyeji. Kazi ya Ufilipino ilianza na samaki wa porini wasiochanganyika, wazazi wengi na daftari la familia. Samaki wa namna hiyo Pangani bado inao, na Tengeru, kilomita chache kutoka kwenye mabwawa ya Wameru, iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, ambako vinasaba vya samaki vinaweza kufundishwa na kuchunguzwa.